Nyonga Mpya, Mkwe Njiani

Jumatatu, 6 Julai 1998

Nimeoga kwa kukalia kiti. Nimefanya mazoezi ya mguu kitandani. Maumivu yale yale, kutoka nyongani mpaka gotini, kama jino bovu. Vidonge viko juu ya kabati. Sikunywa. Mume wangu amenung'unika mpaka anaondoka kwenda ofisini. Anune tu. Mwenye nyonga ya chuma ni nani, yeye au mimi?

Naogopa. Daktari aliyenipasua kule Dar alinionya: usichuchumae, usipige magoti, usiiname kuokota kitu, la sivyo nyonga itachomoka tukupasue upya. Nikimeza dawa nitajisahau. Maumivu ndiyo yananikumbusha. Kwenye kile kisu sirudi, haki ya Mungu.

Jumatano, 8 Julai

Baridi ya Dodoma imeingia mpaka kwenye mfupa. Gongo la kutembelea limeteleza kwenye saruji ya choo. Sikuanguka, ila roho iliniruka. Nimekaa kwenye kile kiti chenye tundu, alichonichongea seremala wa hapa Makole, nikalia.

Sasa kila mlio wa mwili nausikiliza. Nikigeuka, kitu kinaalika. Ndiyo kinachomoka? Simwambii mtu.

Ijumaa, 10 Julai

Baba mkwe anakuja! Yuko kwenye treni, anatoka Shinyanga, anakuja kunitazama. Ananipenda sana yule mzee. Lakini kwetu Usukuma mke wa mtoto hamwamkii mkwe akiwa amesimama kama mlingoti. Anapiga goti. Nimepiga goti miaka yote ya ndoa, hata nikiwa na mimba ya Neema.

Mume wangu anasema niamkie nimekaa, mzee ataelewa. Rahisi kusema.

Mguu unawaka moto. Nimeshindwa hata kula. Basi, kesho nitameza dawa, nisije nikamkunjia mzee wa watu uso.

Jumamosi, 11 Julai

Naandika nimelala chali.

Asubuhi nilimeza vidonge baada ya uji. Loo, raha! Mguu kimya kabisa, mara ya kwanza tangu nitoke hospitali. Nikazunguka sebuleni, nikapanga vikombe, nikaimba. Mlango ukafunguliwa. Mzee huyo, kofia mkononi. Sikuwaza chochote. Magoti yalijikunja yenyewe, gongo kule, shikamoo mdomoni.

Kisha ule mlio. Nikapiga yowe.

Jirani alitukimbiza hospitali na pikapu yake. Njia nzima nilikiona kisu tu. Wakapiga picha. Nyonga iko mahali pake, msuli ndio umevutika. Daktari wa hapa kasema nimeponea chupuchupu. Kasema pia nimeze dawa kwa wakati, maana bila dawa sitaweza mazoezi, na bila mazoezi mguu utakakamaa nisitembee tena. Nikaitikia ndiyo. Uongo mtupu. Sivigusi tena vidonge vile. Vilinisahaulisha mara moja tu, ona.

Jumapili, 12 Julai

Sijameza. Maumivu ya kuuma shuka. Mazoezi yamenishinda, nimeinua mguu kidogo tu nikauachia. Umeanza kukaza kweli. Naogopa kunywa, naogopa kutokunywa. Huku moto, huku maji.

Mzee hajaingia tena chumbani wala sebuleni. Anashinda kibarazani, hata chakula anapelekewa huko. Nadhani amechukia. Mkwe gani huyu, kumpokea mgeni kwa mayowe!

Jumanne, 14 Julai

Upepo umetulia. Asubuhi nimesikia kiti kikiburutwa mpaka chini ya dirisha langu. Kumbe mzee. Amekaa huko nje, ameupa ukuta mgongo, pazia limeshushwa. Hanioni, simwoni. Na usiyemwona humpigii goti.

"Mama Neema, umeamkaje?"

Nikamwamkia nikiwa nimelala vile vile. Akaitikia marahaba, akauliza kama nimekunywa dawa. Nikamwambia bado, baba, naogopa nitajisahau tena.

Akasema, "Kunywa, mwanangu. Mimi mlango huo siuvuki mpaka upone. Nitakuamkia hapa hapa."

Nimekunywa. Namsikia anakohoa huko nje. Ngoja niinue mguu.