Nimesikia Nimekufa

Jumapili, 6 Aprili

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo? Unakula? Usiniambie "nakula kidogo", hicho kidogo chako nakijua. Mimi sijambo, ila goti la kushoto siku hizi limejipa cheo: nikiliambia twende, linaniuliza wapi. Anayeandika ni yuleyule fundi cherehani wa chumba cha pili. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, asinipake sukari. (Naandika yote, hata ambayo hakupaswa kusema. Fundi.)

Barua yako imefika. Fundi alipofika pale uliposema umeteuliwa kupewa tuzo ya wanafunzi bora wa shahada ya kwanza, huko kwenye kitivo chenu cha sanaa na mawasiliano, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, mpaka akasema koo limemkauka na nguo za watu zinamsubiri. Basi nikatoka nje na pasi mkononi, mkaa unawaka humo ndani, nikautangazia mtaa mzima. Muuza mkaa akaniuliza, "Mawasiliano ndiyo nini, Bibi?" Nikamwambia, "Ni kusema mpaka watu wasikie. Wewe unasema kutwa nzima na hakuna anayekusikia." Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Sasa niambie, siku yenyewe ni lini, na mimi nakaa wapi? Na joho lako nani atalipiga pasi? Usimwachie mtu. Maisha yangu yote nanyoosha nguo za watu wanaokwenda kwenye shughuli zao. Na mimi ninyooshe nguo ya shughuli yangu, walau mara moja. Tena hukusema hiyo kazi uliyoshinda nayo inahusu nini.

Huu mwaka wa tatu sijauona uso wako. Simu nayo naisikia kama nyuki ndani ya kopo. Picha uliyonitumia nimeibandika ukutani, lakini haili, haijibu, wala haikohoi.

Bibi yako, mkeo mkubwa


Alhamisi, 8 Mei

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima na nakula, kweli nakula. Msalimie fundi, mwambie asichoke nasi.

Tuzo zitatolewa tarehe 12 Julai, kwenye ukumbi mkubwa wa chuo. Kila mwaka wanachagua wachache: mmoja wa uchoraji, mmoja wa maigizo, mmoja wa uandishi wa habari, na mmoja wa simulizi ya kweli ya sauti. Huyo wa mwisho ndiye mimi. Unarekodi watu na mambo yaliyotokea kweli, unayapanga, watu wanasikiliza kama wanavyosikiliza redio. Kazi yangu inahusu watu wa kawaida tu, Bibi. Si kitu kikubwa.

Kuhusu kuja, nimefikiri sana. Basi linatembea kutwa nzima, na goti lako ndilo hilo. Ukumbi nao hujaa, wageni hubanana. Naona bora upumzike nyumbani. Nitakutumia picha.

Nimekukumbuka.

Mjukuu wako


Alhamisi, 15 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Ukumbi mkubwa, lakini mimi haunitoshi. Haya. Fundi amenipima kwa utepe, anasema gauni langu la heshima bado linaingia. Kama nafasi hakuna nitasimama. Nimesimama kwenye meza ya pasi tangu mama yako hajazaliwa, nitashindwa na jioni moja?

Kama unanionea haya, sema. Sitakuuma. Nimebakiwa na meno manne na yote yana kazi nyingine.

Huku wananiletea mashati ya vijana. Nikikutana na shati ambalo kola yake imechakaa upande wa kulia kama zako, kwa ile tabia yako ya kulaza kichwa ukifikiri, basi hilo nalipiga pasi polepole. Mwenye shati anadhani nampenda.

Nijibu upesi.

Bibi yako


Jumanne, 10 Juni

Mjukuu wangu,

Nakusalimu kwanza, maana salamu si deni la mwenye kosa. Hujambo? Barua yangu hukuijibu. Nilidhani ni posta. Sasa najua si posta.

Nimesikia nimekufa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye meza yangu. Nikasikia kilio kinatokea kule kwenye kona. Kuangalia, ni yule karani mstaafu wa mahakama aliyekuwa mteja wangu kabla hawajahamia ng'ambo ya pili ya mji, yeye na mkewe, mke kajitanda mtandio, analia kwa sauti. Nikajua kuna msiba. Nikaweka pasi, nikakimbia, nasema kukimbia lakini goti linajua lilikuwa nini, nikamshika yule mama nikalia naye. Tulipochoka nikamwambia, "Pole mwanangu, nani ametutoka?"

Akanitazama. Akapiga yowe, akakaa chini kwenye vumbi.

Karani ndiye aliyejibu. "Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Lini?"

"Tumesikia redioni. Wanarusha kazi za wanafunzi watakaotuzwa. Mjukuu wako mwenyewe ndiye aliyesimulia."

"Na ulipofika hapa ukanikuta nimesimama, hukumwambia mkeo anyamaze?"

"Nilidhani ni dada yako, Bibi."

Walikuwa na rambirambi mkononi. Nimeikataa. (Mimi ningeipokea. Fundi.)

Kipindi kikarudiwa Jumapili jioni. Fundi alifungua redio mpaka mwisho, majirani wakajaa mlangoni. Nikajisikia. Ni mimi, ni ile sauti uliyoichukua na simu yako wiki ya msiba wa babu yako, napiga pasi huku nakugombeza kwa taulo bichi uliloacha kitandani. Nikacheka. Sikujua kama pua yangu inapiga mluzi. Halafu kukawa kimya. Halafu wewe, kwa sauti ya mtu mzima ambayo sikuijua, unasema: "Bibi aliniita siku tatu. Sikufika. Nilipofika, pasi ilikuwa imepoa."

Kila mtu mlangoni alilia, hata muuza mkaa. Mimi sikulia. Niliondoka nikaenda kuigusa pasi yangu. Ilikuwa ya moto.

Sasa niambie, anayekuandikia ni nani?

Bibi yako, marehemu


Jumamosi, 21 Juni

Bibi,

Shikamoo. Naona haya hata kukuuliza hali, lakini nauliza: hujambo?

Mwanzo kazi ilikuwa sauti yako na pasi tu. Mhadhiri wangu akasema ni nzuri, ila haina mwisho. Nikakaa nayo wiki nyingi. Kila nikitafuta mwisho nauona uleule: naitwa, nachelewa, nafika nakuta udongo umeshafukiwa, kama nilivyolikuta kaburi la babu. Nikaandika hivyo.

Nilipoiwasilisha mbele ya jopo, mama mmoja, ndiye mwenyekiti wao, alitoa kitambaa akafuta macho. Akaniuliza, "Alifariki lini?" Nilikuwa na nafasi ya kusema hajafa. Nikainamisha kichwa. Kichwa tu, Bibi, sikutamka neno. Wakanipa pole mmoja mmoja, nami nikazipokea. Baada ya hapo ningesema nini? Wakaiweka kwenye simulizi za kweli, nikawaacha waiweke.

Na sasa wamepanga kwamba siku ya tuzo, kabla sijapanda jukwaani, ukumbi mzima usimame kimya dakika moja kwa ajili yako. Ndiyo maana nilikuzuia kuja. Si haya. Ningekuonea haya kwa lipi, wewe uliyenilea kwa mikono yenye malengelenge?

Nitakwambia na hili. Nilikuwa najizoeza. Nilisema nikulilie mapema, ili siku ikifika isinikute mgeni. Hata nyumbani siji kwa sababu hiyo. Kila likizo natafuta kazi ya hapa na pale kwenye kiwanda cha uchapaji, nakwambia nimebanwa. Sijabanwa. Naogopa kufungua mlango nikute umepungua.

Nifanye nini? Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, nipokee, yaishe.

Mjukuu wako


Ijumaa, 27 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sijambo, na goti halijambo, na wewe hujambo ingawa hustahili.

Kuniua nimekusamehe. Sisi wazee tunauawa kila siku. Mtu akisema "mwacheni Bibi apumzike" ndiyo ameshachimba shimo. Hilo limepita.

Lipo ambalo limenikwama hapa kooni. Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Hapakuwa na basi la kusubiri, wala nauli, wala mtihani, wala hicho kiwanda chako cha uchapaji. Ungeandika "nikafika", ungefika. Neno moja tu. Nami ningefungua mlango, ningekugombeza, halafu kama ni kufa ningekufa vizuri. Lakini humo humo, kwenye hadithi yako mwenyewe, nimeita siku tatu na hukuja.

Fundi ameweka kalamu chini. Nimemwambia aiokote.

Na hiyo habari ya kujizoeza, acha. Msiba haufanyiwi mazoezi kama gwaride. Babu yako aliugua mbele ya macho yangu miezi mingapi, nikasema basi nimeshazoea, na alipokwenda nikawa sijui hata upande gani wa kitanda ni wangu. Usinizoee nikiwa sipo. Njoo unizoee nikiwa nipo. Nimepungua? Ndiyo, nimepungua! Ulitaka niongezeke? Haya yaliyobaki ndiyo ya kuja kuyaona.

Dakika ya kimya siitaki. Mimi na kimya tulijuana lini? Nenda kwa huyo mama mwenye kitambaa, nenda kabla ya siku yenyewe, simama kama mtu, umwambie: bibi yangu yu hai, anapiga pasi. Wakikupa tuzo, pokea, nitapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Wakikunyima, ujue haikuwa yako. Ilikuwa ya wafiwa, na wewe hujafiwa.

Usidhani hili halinichomi. Tuzo hiyo naitaka kuliko wewe. Naota unaitwa, unasimama, na joho limenyooka. Lakini siwezi kuinunua kwa kaburi langu, mjukuu wangu. Bado nalihitaji.

Bibi yako


Jumapili, 13 Julai

Bibi,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na goti limekutii. Mimi ni mzima.

Nilikwenda. Nilimkuta ofisini kwake, anakunywa chai. Nikamwambia nikiwa bado mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaa nitanyamaza tena. Akaweka kikombe chini. Halafu akacheka kidogo, halafu akakasirika sana. Akasema, "Yaani nililia kwa ajili ya mtu anayepiga pasi?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Ungenambia ni hadithi ya kubuni, ningeituza kama hadithi ya kubuni. Sasa nitaituza kama nini?" Nilipoaga akaniita nirudi. "Mpelekee bibi yako pole kwa kupata mjukuu kama wewe. Halafu mpelekee na pongezi." Hakuniambia pongezi za nini.

Jana tuzo yangu amepewa msichana wa darasa letu aliyerekodi wanawake wanaofagia barabara alfajiri. Ni kazi nzuri, Bibi, unasikia mpaka fagio linavyochoka. Alikuja na mama yake. Nilikaa safu ya nyuma, nikampigia makofi. Hakuna aliyesimama kimya. Kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu, nikaweka mkono juu yake mpaka shughuli ikaisha.

Masomo yamekwisha. Hapa hakuna kinachonishika. Lakini mtaa mzima uliutangazia. Nitapitaje mbele ya muuza mkaa na mikono mitupu? Nimeona nitafute kazi kwanza, nije na kitu cha kuonekana. Labda mwakani.

Mjukuu wako


Jumamosi, 19 Julai

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Marahaba, na marahaba tena kwa kusimama pale mlangoni. Pole na pongezi za huyo mama zimefika zote mbili. Mwenye akili yule.

Mtaa nimeuambia mwenyewe. Nilitoka nikasema, jamani, ile tuzo hatukupata, kijana alisema uongo halafu akasema kweli. Muuza mkaa alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa ameshachoka, mkaa wake umelowa mvua. Watu wana shida zao, hawana nafasi ya kukaa na aibu yako.

Mikono mitupu, unaniambia. Na usomi wote huo! Mtu akija amebeba vitu, anakukumbatia kwa viwiko. Siku ile ya msiba wa babu yako ulinikumbatia na begi begani, begi likanigonga hapa kwenye shavu, na kabla sijakushika vizuri ukageuka kutafuta pa kuliweka. Mimi mitupu ndiyo niitakayo. Hata begi liache.

Hilo neno "mwakani" nimemwambia fundi alisome mara moja tu, asilirudie.

Na barua hii usiijibu. Ikija nyingine kutoka kwako, fundi haifungui. Nimemruhusu aikate iwe kipimo cha kukatia kola. Ukiwa na neno la kuniambia, lilete.

Bibi yako