Jina Lililokosekana Mkutanoni

Mombo, Korogwe
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na mvua imefika Misima kabla mahindi hayajakauka. Mimi huku ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma humu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya Kibwana huwekwa sauti ya juu pale dukani kwake, na kila aliyekuja kununua chumvi husikiliza. Haya si ya kusikilizwa na wanunuzi wa chumvi. Tafadhali vaa miwani yako, usome taratibu, ukiwa peke yako.

Biashara ni mbaya, mama. Nilikwambia nina banda la matunda. Sina banda. Nina beseni la mayai ya kuchemsha na machungwa, nakimbizana nalo na mabasi, na madereva wa siku hizi hata hawasimami vizuri. Ndiyo maana tangu mwezi wa Ramadhani sijakutumia kitu.

Ujumbe wako nimeupata. Kibwana amenieleza kwamba umeshaongea na maalimu, kwamba Ijumaa hii atamsomea Bi Zamda albadiri, kisomo cha kumlaani, na kwamba unataka nichangie ubani. Akaniambia pia kuwa unapalilia mashamba ya watu kwa kibarua, kwa goti hilo hilo, na kwamba Bi Zamda alipokuletea unga uliumwaga mlangoni huku anakutazama. Siku ile sikuuza yai hata moja.

Najua kinachokuuma. Siku ya mkutano wa kijiji ulikaa mbele kabisa, umejitanda khanga yako mpya, ukingoja majina ya kaya maskini yasomwe. Yalisomwa mpaka la mwisho, lako halimo. Wenzako wakaanza kupokea ruzuku, baadaye wakapewa na fedha za kuanzisha miradi yao. Leo huyu ana mbuzi, yule ana cherehani, nawe uliyekuwa na shida kuwazidi wote una jembe tu, tena la kulimia kwa wengine. Na kwa kuwa Bi Zamda ndiye mjumbe aliyewatembeza wageni wa kuandikisha kaya nyumba kwa nyumba, ukasema ni yeye aliyekukata kwa sababu ya ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Ulimwita mnafiki mbele ya mkutano mzima. Hakujibu, nawe ukachukulia kimya chake kuwa ni kukiri.

Mama, Bi Zamda hakulikata jina lako. Nililikata mimi.

Siku walipokuja kuuliza maswali ulikuwa umekwenda hospitali Handeni, na mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu ya Idi. Alikuja Bi Zamda pamoja na dada mmoja mwenye kishikwambi. Nilipomtazama vizuri nikaona ni Yasinta, niliyesoma naye sekondari, yule niliyekuwa nikimpita hesabu kila mtihani. Yeye ana kitambulisho cha kazi shingoni, mimi nina kandambili zilizoshonwa kwa waya. Aliuliza mama anakula mara ngapi kwa siku. Nikasema mara tatu. Aliuliza kuhusu nyama, nikasema kila Ijumaa. Aliuliza nani anamtunza, nikasema mimi, kila mwezi namtumia, nafanya biashara ya matunda ya jumla. Bi Zamda aliguna, akaniambia kwa Kizigua niache kujikweza, nitakuponza. Nikamjibu kwa ukali kwamba ya nyumbani kwetu nayajua mimi. Yasinta akabonyeza majibu yangu, akaaga. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuchemsha yai.

Jioni nilimfuata Bi Zamda, nikamwomba anisitiri, nikaapa kwamba wiki ile ile nitakwenda wilayani kurekebisha. Akakubali. Sikwenda. Nikaogopa kumkuta Yasinta nyuma ya meza. Yule mama ameitunza siri yangu miaka miwili, wewe unamtukana bombani, yeye ameinama anakinga maji.

Sijitetei, lakini nina uchungu na nitausema. Ulitulea ukitufunza kwamba tukikaribishwa chakula kwa watu tuseme tumeshiba, hata kama tumbo linaunguruma. Tuliosema kweli ulitufinya. Halafu anatumwa mtu wa rika langu, anasimama mlangoni kwetu, jirani yupo, anataka nimtajie njaa ya mama yangu aiandike. Nilijibu kama nilivyolelewa. Waliotunga maswali yale hawakulelewa na wewe. Lakini hata nikiwalaumu kutwa nzima, anayepalilia kwa kibarua ni wewe, na niliyekupeleka huko ni mimi. Najichukia, mama.

Jana nilifunga safari mpaka ofisini Handeni. Nimeandika kweli yote kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Wameipokea karatasi, wakasema orodha imeshafungwa, tusubiri uhakiki mwingine. Nilipouliza ni lini, waliniambia tutatangaziwa. Yasinta alishahamishwa.

Nisalimie Kibwana na wote wanaoniulizia. Bi Zamda usimpelekee salamu zangu. Nenda kwanza ukamwombe radhi, mimi nitakuja nikipata uso wa kumtazama. Na kama umeisoma barua hii mpaka hapa na moyo wako bado unataka kisomo, sitakuzuia. Mwambie maalimu asome Ijumaa kama mlivyopanga, ila umpe jina langu. Fedha ya ubani imo ndani ya bahasha.

Ni mimi mwanao,
Adamu Mhina