Mahame Aliyoyafuta Vene

Eti kayafuta mwenyewe, Zamda! Kwa mkono wake!

Ile programu ya ramani ambayo yeyote anaruhusiwa kurekebisha msimbo wake, si leo wamepokea badiliko la kwanza la Vene? Mbio mpaka Kigwa kumwonyesha bibi yake.

Bibi akamwambia, "Basi nionyeshe kwetu, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa."

Katafuta wee. Hakuna!

Shoga, badiliko lenyewe lilikuwa kufuta! Kaona sehemu kumi na moja zimeandikwa "Mahame", akajua mtu kakosea kunakili. Akaandika, "Nimeondoa takataka." Ikabidi amsomee bibi.

"Takataka?" Bibi hakupandisha hata sauti. "Mahame ndiko tulikohama, mama. Nimemwacha Raymundi kaburini kule, mwanangu wa kwanza. Lori halikungoja nimuage."

Takataka, Zamda!

Vene kaomba yarudishwe, huku analia. Wenye programu wakamuuliza jina kamili la kila mahali, naye akaanza na kwa bibi.

Bibi kafikiri weee. "Sisi tulipaita kwetu tu. Andika Kwa Raymundi."

Kaandika. Hawajajibu bado, na bibi kagoma kumrudishia Vene simu yake. Kesho wakijibu, wa kwanza kujua ni wewe.