Taa Iliyokupeleka kwa Mke Mwenzio

Mama,

Jana niliirudisha ile taa hospitalini Homa Bay. Nesi aliyetuazima aliniuliza kama ilikusaidia kulala. Nikasema ndiyo.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Matibabu ya saratani yalikuwa yamekunyang'anya usingizi. Mchana unasinzia kwenye kiti, usiku macho makavu. Ukaniambia, "Nyathina, mwanangu, afadhali niache hizi dawa. Mtu asiyelala ameshakufa nusu." Ndipo nesi akatupa ile taa nyeupe, ukae mbele yake nusu saa kila asubuhi, mwili ukumbuke tena mchana ni upi. Nilicheka kimoyomoyo. Taa ilete usingizi?

Siku ya tatu transfoma ikaungua, stima ikapotea Ndhiwa yote. Jirani mwenye sola ya kutosha alikuwa mmoja tu: Mama Awuor, mke mwenzio, ambaye hamkuwa mmesalimiana naye tangu tumzike baba. Alikuja mwenyewe hadi mlangoni.

"Leta taa kwangu," akasema. "Na mwenye taa."

Ulikwenda umenuna, Mama. Uso wako uling'aa mbele ya taa kama uliopakwa unga, naye upande wa pili wa meza akichambua mboga. Siku ya tano akakuwekea uji. Siku ya nane nikawakuta mnamcheka baba, jinsi alivyowaahidi nyote wawili ng'ombe yule yule.

Na usingizi ukarudi. Alfajiri moja nilikukuta unakoroma, nikasimama pale mlangoni kama niko kanisani. Nesi anasema ni mwanga. Sibishani naye, ila sijaacha kushangaa. Ulimaliza dawa zote, wewe uliyetaka kuziacha. Ugonjwa ulirudi, ndiyo. Lakini miezi ile ulilala, ukaamka, ukapika.

Mama Awuor ndiye aliyekuosha na kukuvalisha. Hakutaka mtu mwingine akuguse. Tangu tukuzike, hali chakula vizuri, hukaa tu na sahani mbele yake. Kwa hiyo asubuhi napitia kwake kabla ya kazi, tunakunywa chai.

Lala salama, Mama. Nakuahidi hatakula peke yake nikiwa hai. Juzi nilimwita "Mama," neno lilinitoka tu. Akaitika. Nimeona heri ulisikie kutoka kwangu.

Binti yako,
Adhiambo