Sauti Yangu Ndani ya Jozi ya Saba

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza kwenye maktaba ya sauti. Chumba kimoja kirefu, zulia sakafuni na zulia jingine ukutani. Watu wasioona wameketi wanasikiliza vitabu kwa hedfoni, kila mmoja na chake. Kimya, lakini kimya kilichojaa. Mmoja anatabasamu, mwingine anakunja uso, na mimi sijui kwa nini. Nimepapenda mpaka nimeogopa.

Bi Mkutubi amenipa sanduku lenye hedfoni nane za bei nafuu, kila moja ya aina yake, zile za kufunika sikio lote. Za zamani mito yake inabanduka, na anataka kuagiza ishirini mpya. Nimchagulie aina moja kufikia Jumatatu. Mimi! Amesema masikio ya mtu aliyemaliza shule juzi hayajachakaa. Nimezibandika namba, moja hadi nane.

Mama aliuliza siku ilikwendaje. Nikasema nzuri. Akanishukuru kwa hotuba ndefu.

Jumanne, 5 Machi

Fundi, anayetunza mitambo, anasema kila jozi ipewe maneno yaleyale. La sivyo nitakuwa nalinganisha wasomaji, si hedfoni. Basi nitafute mtu asome ukurasa mmoja.

Nilizunguka chumba mara mbili nikitafuta wa kumwomba. Kila mtu alionekana ana kazi. Mwishowe nikajifungia chumba cha kurekodia nikasoma mwenyewe. Ukurasa wa kitabu cha ufugaji nyuki — una s na sh na z nyingi, na herufi hizo ndizo hedfoni mbovu hupenda kuzila.

Sikuwahi kuisikia sauti yangu nikiwa nje yake. Kwenye jozi ya kwanza ni mtu aliyefunikwa na ndoo. Niliivua haraka.

Nikimaliza kazi nitaifuta rekodi. Hakuna atakayeisikia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimezivaa zote, moja moja, dakika arobaini kila moja. Dakika kumi za mwanzo ni uongo. Kila hedfoni ni nzuri dakika kumi.

Ya pili inabana. Fremu ya miwani yangu inazama nyuma ya sikio hadi nahisi mapigo ya moyo. Ya tatu nzito, shingo inauma. Ya tano ina mito ya plastiki. Sikio linatoka jasho kama limepikwa kwa mvuke. Ya sita, waya ukigusa kifungo cha blauzi unasikia ngurumo. Ya nane nikiinama inanitoka na kunikimbia.

Lakini ya nne! Mito ya kitambaa, laini, ina besi, ile sauti nene inayotoka chini kabisa. Na sauti yangu humo si yangu. Ni ya mwanamke mtu mzima, ameketi dirishani, mvua inanyesha nje, hana haraka, hamwogopi mtu. Nilifumba macho. Nilikuwa yeye. Nilipofumbua, jua lilikuwa limehama ukuta mzima na chakula changu kimepoa.

Nimeipa tisa juu ya kumi.

Ya saba ni nyepesi, haibani, haichomi. Ila sauti ni nyembamba. Kila pumzi inasikika, hata ninavyomeza mate. Msichana wa miaka kumi na saba anasoma habari za nyuki. Nimeipa nne.

Ijumaa, 8 Machi

Bi Mkutubi amesema hedfoni haichaguliwi kabla msikilizaji hajaivaa saa nzima. Akamwita Dada Opereta. Huyu anapokea simu hospitali. Akitoka zamu huja hapa na kukaa dirishani, anasema jua ndilo redio yake ya pili, humwambia saa. Nikampelekea ya nne. Fundi akaiwasha rekodi. Rekodi YANGU. Hakuniuliza!

Nilijificha nyuma ya rafu saa nzima. Naona haya kuandika hili, lakini nilikuwa nasubiri asifu.

Alipoivua akasema sauti tamu, nene, unaweza kuilalia. "Lakini maneno yamelowa. Kufika katikati nilikuwa nakisia tu. Nipe nyingine."

Nikampa ya saba. Vidole vyake vikapapasa pande zote mbili. Akauliza kushoto ni wapi. Kuna herufi imechorwa kwa rangi — itamsaidia nini? Nikamshika mkono nikamwonyesha, bila kusema.

Dakika chache tu akacheka kidogo.

"Huyu namsikia mpaka anavyomeza mate. Anaogopa huyu. Lakini hakuruka hata neno. Ni nani?"

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

"Basi niletee maji, nisikilize hadi mwisho."

"Haya," nikasema.

Akageuza uso wote kwangu. "Kumbe ni wewe."

Neno moja tu! Sikurudi na maji. Alipeleka Fundi.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumbani. Nimekaa kibarazani na jozi ya saba, nimeufunga uzi wa sufu upande wa kushoto, fundo dogo ambalo kidole kitaliona. Mama alidhani nafuma soksi.

Nimeifuta ile tisa. Sikuwa nimeipa hedfoni. Nilikuwa nimejipa mimi.

Jumatatu, 11 Machi

Bi Mkutubi amekubali ya saba. Amelishika lile fundo kwa muda mrefu. Akasema ziwe nalo zote ishirini.

Kisha akafunga mlango. Akaniambia mwalimu mstaafu aliyekuwa akisoma na kurekodi vitabu vya maktaba amehamia kwa binti yake, mbali. Tangu hapo hakuna kitabu kipya. Dada Opereta ana mtihani wa kupandishwa cheo mwisho wa mwezi, na kitabu chake hakijasomwa na mtu. Ameomba asomewe na yule wa nyuki.

Nilitaka kusema kwamba msomaji anayefaa ni yule wa jozi ya nne, naye si mtu wa kweli. Nikasema nitafikiria.

Nilimwambia Mama nikitarajia atasema niache. Akasema siku niliyozaliwa mtaa mzima ulinisikia, na hakuna aliyelalamika.

Jumatano, 13 Machi

Naandika ndani ya chumba cha kurekodia. Fundi bado anahangaika na waya. Anasema, Bi Kimya (ndivyo anavyoniita), usiguse kitu.

Kitabu kina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Nimevaa ya saba. Fundo liko kushoto.

Nilimwomba Fundi aongeze besi kidogo, kidogo tu. Akasema inawezekana. Nikakumbuka yale maneno yaliyolowa. Nikamwambia aache.

Upande wa pili wa kioo ameketi Dada Opereta, naye amevaa ya saba nyingine, ya kwanza kufika kati ya zile ishirini. Anataka kusikia tangu mwanzo. Maikrofoni lazima iwe wazi tayari, maana nasikia kalamu yangu ikikwaruza karatasi. Ameinamisha kichwa. Anaisikia na yeye! Nikiacha kuandika, anainua kichwa. Nikiendelea, anatabasamu.

Fundi ameinua vidole vitatu: vikiisha, nianze kusoma.

Viwili.

Namsikia mtu anameza mate, karibu sana, ni mimi, na