Sweta ya Mama na Kikombe Nilichosahau Kufunika

Jumapili, mchana. Baridi ya Julai imetanda hapa mtaani kwetu Section 58 tangu asubuhi na jua limekataa kutoka. Nimetoka kanisani na sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Nimechanganyikiwa. Niseme hivyo kwanza, nisije nikajifanya nina akili.

Jana tulikutana kama kila Jumamosi, sisi watano tunaoandika hadithi ambazo hakuna aliyetuomba tuandike. Tunakutana katika hoteli ndogo nyuma ya soko kwa sababu mwenyewe hatufukuzi tukikaa sana. Tuna desturi yetu. Kikombe cha kwanza cha chai ni cha porojo: nani amehama, maji yamepotea tena, paka wa jirani amezalia kwa nani. Hadithi huja na kikombe cha pili. Na kila kinachosemwa kwenye kikombe cha kwanza ni mali ya wote, yeyote anaweza kukichukua akakiandika. Ukitaka kubaki nacho, unafunika kikombe chako kwa kisahani kabla hujaanza kusimulia. Hakuna anayekuuliza sababu.

Wiki iliyopita sikufunika.

Nilikuwa nawachekesha tu. Niliwasimulia kwamba Mama alipofariki mwaka juzi, ng'ombe wake Rosi kule kwetu kijijini Dundori alikataa kukamuliwa na mtu mwingine. Alizuia maziwa, akapiga ndoo teke, siku moja akampiga hata Baba. Jirani mmoja akamshauri Baba avae sweta ya Mama, ile ya zambarau aliyojifumia mwenyewe, yenye vifungo vya maua, ili Rosi asikie harufu aliyoizoea. Baba akaivaa. Maziwa yakashuka. Mpaka leo mzee wangu, mtu wa masharubu na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, hukamua akiwa ndani ya sweta ya kike inayombana mabegani. Wakati mwingine husahau kuivua akipeleka maziwa barabarani, na vijana wa pale humcheka. Nilicheka nikisimulia, na meza nzima ikacheka nami.

Nikawaambia nimeshapata dawa. Nimemnunulia Baba jaketi zito la kazi. Jumatatu sifanyi kazi, kwa hiyo nitampelekea, nirudi na ile sweta, na habari iishe.

Sasa jana, kikombe cha pili kilipokuja, Chebet akatoa karatasi zake. Chebet anauza mitumba, na ndiye anayeandika vizuri kuliko sisi wengine. Sijui kama hajui au anajua na anatuhurumia. Alisoma hadithi ya mzee na ng'ombe. Sweta aliifanya ya kijani, lakini ilikuwa ile ile. Ndani ya hadithi ng'ombe anauzwa na banda linabaki tupu. Jioni ikifika, mzee anavaa sweta ya mkewe, anachukua ndoo, anaenda kukaa bandani kwenye kigoda mpaka giza liingie.

Hapo ndipo alipoishia.

Mimi nilicheka, kicheko kibaya cha peke yangu, kisha hasira zikanipanda. Nikamwambia baba yangu si mtu wa kukaa kwenye banda tupu. Anavaa hiyo sweta kwa sababu ya ng'ombe, basi.

"Sawa, Shiru," Chebet akasema polepole. "Lakini si hukufunika? Mimi nilidhani umetuachia."

Ni kweli, sikufunika. Sasa nimkasirikie kwa lipi? Kwa kuokota nilichokitupa mezani mwenyewe? Nilikunywa chai ikiwa imepoa, nikaondoka bila kuaga vizuri. Nilipofika nyumbani nikakasirika tena, na safari hii hata sikujua nimemkasirikia nani.

Leo baada ya kanisa nimempigia simu Wanjiku, mke wa kaka yangu, anayekaa boma moja na Baba. Niseme ukweli, nilikuwa natafuta ushahidi. Nilitaka aniambie Rosi bado ni mkorofi, ili Jumamosi nimwambie Chebet kwamba amekosea.

"Rosi?" Wanjiku akashangaa. "Hiyo siku hizi inakamuliwa na mtu yeyote. Asubuhi si ni mimi, na leso yangu tu. Haisumbui hata kidogo."

Nikamuuliza tangu lini.

"Ai, kitambo. Tangu izae hii ndama ya mwisho. Lakini jioni ni Baba. Hataki mtu amsaidie."

"Na sweta?"

Nilisikia mvua ikipiga mabati ya kwao.

"Anavaa. Mimi huwa simuulizi."

Kisha akaniambia kiwiko cha kushoto kimetoboka. Alitaka kukishona, Baba akamkatalia. Alisema wangoje, Shiru akija atashona, yeye ndiye aliyefunzwa kufuma na mamake.

Nilikata simu nikakaa.

Jaketi liko hapa kwenye kiti, bado lina karatasi ya duka. Ni jaketi zuri. Nililichagua kwa mapenzi, hilo najua, na bado nikiliangalia naona aibu. Chebet hajawahi kukanyaga Dundori. Hamjui Baba, wala hajui sauti yake akimwita Rosi. Amejuaje? Au hakujua, alibahatisha tu, na mimi ndiye ninayetetemeka bure? Nikimpigia nimshukuru, nitakuwa namshukuru kwa nini hasa? Nikimnunia, nitamnunia kwa kosa gani? Tena nimekaa hapa ninaandika haya yote mbele ya wasomaji wangu wachache, mimi niliyekasirika jana kwa sababu ya habari za nyumbani kusomwa mezani. Hata mimi sijielewi.

Ninachojua ni kwamba ninamkumbuka Mama leo kuliko siku ya mazishi. Siku ile kulikuwa na watu wengi sana wa kupikia.

Nimetoka mara moja hadi dukani kabla ya mvua kufika huku. Uzi wa kufuma wa zambarau kama ule wa Mama hawakuwa nao. Nimechukua unaokaribiana nao, umekolea kidogo. Kiraka kitaonekana.

Kesho ninapanda Dundori. Jaketi nitalibeba, Baba akitaka atalivaa akienda mjini. Kuhusu sweta sitamuuliza kitu. Nitatoka hapa mapema, maana nataka kile kiwiko kiwe kimeshashonwa kabla ya jioni. Baba atakuwa anaihitaji.