Mume wa Bibi Hataki Shule

Jumatatu, 30 Desemba

Nimeshinda tena kwenye chumba cha kusomea cha mtaa. Kufagia, kupanga, kuwafukuza watoto wenye mikono yenye mafuta ya mawese. Saa nne vikaja vitabu vipya. Boksi zima! Vyote vya picha, vya watoto wadogo wanaoanza shule. Nilinusa kimoja kabla sijakifungua. Mwalimu Editha, anayesimamia chumba, aliniona akacheka.

Tukavivalisha majalada ya nailoni. Ninachokipenda zaidi ni cha msichana mwenye mkoba wa kijani. Analia getini, halafu anapata rafiki, halafu mama yake anakuja kumchukua. Picha zina rangi mpaka unataka kuzilamba.

Kisha habari mbaya. Jumamosi ya tarehe kumi na moja, kabla shule hazijafunguliwa, kutakuwa na usomaji kwa watoto na wazazi. Msomaji ni mimi. Nilisema siwezi. Mwalimu Editha akasema, "Zuhura, umesoma kila kitabu humu. Sasa kisome kwa sauti." Sauti yangu hufika kwenye meno ikarudi. Yeye hajui.

Alhamisi, 2 Januari

Rama amekataa shule.

Mdogo wangu, miaka mitano, ameandikishwa darasa la awali. Mama alirudi kutoka soko la Mwanga na sare yake aliyoishona fundi: shati jeupe, kaptura ya bluu. Rama akaijaribu, akajitazama, akaivua. "Siendi." Jioni tumeikuta kaptura kwenye banda la kuku. Kuku alikuwa ameikalia.

Baba yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na mzigo. Amepiga simu, ameongea kwa ukali. Rama amesikiliza kwa adabu, amesema "Shikamoo Baba," amerudisha simu. Haendi.

Bibi anasema, "Mwacheni mume wangu, bado mdogo. Mwakani yupo." Mama amegeukia vitunguu. Bibi ni mama mkwe wake. Amevikatakata vingi kuliko tulivyohitaji.

Mimi sina wasiwasi. Atakuwa anaogopa walimu. Nimeazima kile cha mkoba wa kijani. Vitabu hivi vimetengenezwa kwa ajili ya watoto kama yeye.

Ijumaa, 3 Januari

Nimemsomea mara tatu. Amependa mpira kwenye ukurasa wa sita. Haendi.

Jumapili, 5 Januari

Nimebadili kitabu. Huyu ni sungura anayeanza shule, anaogopa choo cha shule. Nikamuuliza Rama, unaogopa choo? Hapana. Mwalimu? Hapana. Watoto wakubwa? Akasema atawapiga.

Kisha akashika kitabu, akapekua mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Akauliza, "Sasa mke wake anabaki na nani?"

Nilicheka. Nilicheka sana. Yeye hakucheka. Aliingia uvunguni mwa kitanda cha Bibi, hakutoka mpaka chai.

Sikupaswa kucheka. Ni mpumbavu mimi.

Jumanne, 7 Januari

Nimeelewa. Nimeandika hapa ili nisijidanganye.

Tangu Rama azaliwe, Bibi anamwita "mume wangu." Mimi ni mke mwenza. Ni utani, kila nyumba hapa Ujiji wanataniana hivyo, bibi na wajukuu. Bibi humimina chai ya Rama kwanza, "Mume akishiba, nyumba imetulia." Akitembea kwenda dukani Rama humbebea kikapu kitupu. Mimi nilikuwa najua tangu mdogo kuwa ni mchezo. Sikumbuki nani aliniambia. Rama hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo haogopi shule hata kidogo. Anaogopa kumwacha mke wake peke yake. Mama yuko sokoni, mimi niko shule, Baba yuko ziwani. Kweli, Bibi atabaki na nani? Hakuna kitabu hata kimoja kwenye boksi lile kinachojibu swali hilo. Nimevipitia vyote leo.

Nimemwambia Mama. Amecheka, halafu akaacha kucheka. "Mwambie wewe bibi yako. Mimi siwezi kumwambia hivyo, ataona namnyang'anya mjukuu."

Ninamwambiaje? Leo Bibi alikuwa anachambua mchele, Rama anamtolea mawe. Wanaimba. Nimesimama mlangoni na maneno yangu yote. Bibi akasema, "Mke mwenza, mbona umesimama kama mlingoti?" Nikasema nimekuja kuchukua maji.

Nina hasira na Bibi. Nampenda, lakini nina hasira. Nadhani anajua kuwa Rama anaamini. Nadhani na yeye hataki kubaki peke yake.

Ijumaa, 10 Januari

Nimefanya mazoezi ya kusoma mbele ya mbuzi wa jirani. Mbuzi ameondoka.

Jumamosi, 11 Januari

Sijui nianzie wapi.

Chumba kilijaa. Watoto mbele kwenye mkeka, akina mama nyuma. Bibi amekuja na khanga mpya, Rama mapajani.

Nikaanza. Mtoto mmoja akapaza sauti, "Dada, hatusikii!" Mwingine, "Anaongea na kitabu!" Wakacheka. Nikaanza upya, kwa nguvu, ikatoka kama ya mpiga debe. Lakini ikatoka. Kufika getini, pale msichana analia, kulikuwa kimya kabisa. Nilipenda ule ukimya. Sikutegemea.

Ukurasa wa mwisho mama anamfuata. Nilimtazama Rama. Alikuwa anatazama picha kwa makini, anatafuta yule ambaye hayupo.

Nikaziba maandishi kwa kiganja. Mimi, ambaye sijawahi kuruka hata nukta. Nikasema, "Na nyumbani kulikuwa na bibi yake. Bibi aliogopa kubaki peke yake, lakini hakusema. Mtoto aliogopa kumwacha, lakini hakusema. Wakakaa wote wawili barazani. Kengele ya shule ikalia."

Nikakwama. Sikuwa na mwisho. Macho yote kwangu. Nilitaka sakafu ipasuke.

Sauti ya Bibi ikatoka nyuma. "Wewe mke mwenza, kitabu hicho kimeandikwa na nani?"

Kicheko. Lakini Bibi hakuwa amekasirika. Alikuwa amemgeuza Rama amtazame.

"Mume wangu. Babu yako alikuwa anakwenda ziwani kuvua kila jioni. Nilimshika shati?"

"Sijui."

"Sikumshika! Mwanamume anayeshinda jikoni na mkewe anaitwaje?"

Akina mama wakajibu kwa pamoja, "Mvivu!"

Rama akafikiri. "Utabaki na nani?"

"Na kuku. Tena wananipigia kelele kuliko wewe. Wewe nenda. Ila ukirudi, uniletee ulichovua. Babu yako hakurudi mikono mitupu."

Rama akakubali kwa kichwa, kama mtu mzima aliyepewa kazi. Bibi akajifuta uso kwa pindo la khanga, akasema chumba kina vumbi. Mimi ndiye ninayekifagia. Hakina vumbi.

Baadaye Mwalimu Editha alipekua kitabu, akasema haoni ukurasa wenye bibi. Niliomba radhi. Akanipa karatasi na gundi. "Uandike, ubandike."

Nimeshaandika. Rama amemchora Bibi. Ana miguu kumi, lakini ni yeye.

Jumatatu, 13 Januari

Rama ameondoka na Mama asubuhi. Hakulia. Bibi alisimama barazani. Kikombe cha uji cha Rama kilikuwa kimebaki kwenye kigoda. Bibi akakiona, akafungua mdomo, akaufunga. Kwetu anayekwenda ziwani haitwi akishatoka, ni mkosi. Nilikipeleka mimi, nikachelewa shule, nikaadhibiwa kufagia. Sijali.

Niliporudi, Rama alikuwa ameshafika. Kashika kipande cha mkaa. Amechora herufi a kwenye sakafu ya baraza, kubwa kama sinia, mkia umepinda. Ndicho alichovua.

Bibi amekaa nayo muda mrefu.

Jioni alifagia baraza kama kawaida. Ile a ameizunguka.